Uzito wa Kadogo

8 Februari

Kaka yangu,

Naanza na salamu, maana nikianza na mambo unasema nimekosa adabu. Hujambo? Mgongo je? Na macho, bado yanakuwasha ukitoka kuchomelea vyuma? Ukiambiwa vaa miwani, vaa. Meli zipo nyingi, macho ni mawili tu. Huku tunapumua. Mgonjwa wetu ni cherehani, inakata uzi kila mara, lakini nayo ni kuukuu kama mwenyewe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni kama karatasi, na mwanao ana masikio. Jumapili mkiongea anakuambia, "Mzima, Baba," nami namwacha aseme. Lakini si mzima.

Juma lililopita alirudi kutoka shule kabla ya wakati. Niliona mlango unafunguliwa, Kadogo anaingia kinyumenyume, sweta kalifunga kiunoni na jua linachoma. "Wewe, una nini?" Akapita moja kwa moja chumbani. Nilipolifungua lile sweta nikaona sketi ya michezo imepasuka mshono wa nyuma, kutoka mkandani hadi chini. Sketi niliyoishona mimi, Kaka, na nimeshaiongeza kitambaa ubavuni huku na huku. Walikuwa wanaruka viunzi. Akaruka, ikapasuka. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu wa michezo, mtu mzima mwenye filimbi shingoni, akasema, "Pisheni jamani, lori limepasuka tairi." Tangu hapo shuleni haitwi Kadogo, anaitwa Lori.

Sasa shule haitaki. Asubuhi tumbo linamuuma, kengele ikishalia linapona. Halafu anaingia chini ya meza yangu ya kukatia nguo, anakaa juu ya mabaki ya vitambaa, anakula mkate mkavu. Hata chai ya kushushia haulizi. Anakula kama mtu aliyepewa kazi.

Najua utauliza nilimlisha nini. Nilimlisha kila kitu. Unakumbuka alivyozaliwa kabla ya miezi yake, anaenea kwenye kiganja cha mkunga, ndipo tukamwita Kadogo? Ukoo mzima tulikuwa tunamwombea gramu. Akimeza kijiko, tunashangilia. Kisha mama yake akatutoka, wewe ukapata kazi huko mbali, mtoto akabaki na mimi ambaye sijazaa wala sijalea. Alikuwa akilia, na mimi maneno sina. Nampa kipande cha mkate, ananyamaza. Leo ana miaka kumi na mmoja na viatu vyangu vinambana.

Nataka kumpeleka kwa daktari wa watoto. Niambie na wewe unaonaje.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mgongo upo, macho yapo, usinizungushe. Barua yako niliisoma nimeketi juu ya mtungi wa gesi katikati ya karakana, msimamizi akanifokea, sikumsikia.

Huyo mwalimu namwachia Mungu kwa sababu niko mbali. Ningekuwa karibu angeimeza hiyo filimbi, na kila akipumua ingelia.

Lakini tusidanganyane, wewe na mimi. Mama yake aliondoka na nini? Presha na moyo. Mwanamke mnene, mcheshi, akicheka sufuria zinatikisika jikoni. Siku moja akaketi kitandani kuvua viatu, akavua kimoja. Cha pili nilimvua mimi. Sitaki nije nimvue na mwanangu.

Kwa daktari nenda, lakini daktari atakwambia ninalokwambia mimi bure. Kabati la chakula lifunge, ufunguo uvae shingoni. Asubuhi akimbie, kila siku, jua au mvua. Akilia mwache alie, machozi nayo ni jasho. Usimwonee huruma. Huruma ndiyo iliyotufikisha hapa. Na akichukia, mwambie ni Baba kasema, hasira zake nizibebe mimi. Nina mabega, na bahari iko katikati yetu.

Mpe busu kichwani. Usimwambie nimeandika kwa ukali.

Kaka yako


5 Aprili

Kaka,

U hali gani? Sisi afya ipo, na mengine nitakusimulia. Leo kaa mahali pazuri, barua ni ndefu na ina mwisho mwema.

Ufunguo niliuvaa. Na tulikimbia. Nasema tulikimbia kwa sababu sikuweza kumwachia mtaa peke yake, kwa hiyo nikapandisha gauni, nikatoka naye, mimi na magoti haya ya kukanyagia cherehani. Tuligeuka sinema. Muuza magazeti alikuwa akituona kwa mbali anakunja magazeti yake atazame vizuri. Watoto wakatufuata nyuma wakipiga honi kwa midomo. Kadogo alikimbia hivyohivyo, kichwa chini. Asubuhi moja akasimama kwenye ukuta wa kiwanda cha rangi, akatapika. Akajifuta kwa mkono, akaniuliza pole pole, "Shangazi, kwani nimekosa nini?"

Tukarudi tunatembea. Na jioni ile nilipomkuta jikoni anakula unga mkavu, kwa kuwa ndio pekee uliobaki nje ya kabati, nikautoa ule ufunguo shingoni. Ukinilaumu, nilaumu.

Daktari wa watoto ni mama mfupi, maneno yake machache. Alimpima, akaandika, akafunga faili. Kisha akamuuliza yeye, si mimi: "Kukiwa hakuna mtu anayekutazama, ungependa kufanya nini na huo mwili wako?" Nikasema moyoni, huyu hatajibu. Akajibu. "Kuelea," akasema. Kumbe mama yake aliwahi kumfundisha kulala chali juu ya maji, zamani, mahali fulani mlikokwenda matembezi.

Nikatolewa nje kidogo, daktari akanifuata. Akasema, "Mama, acheni kumkimbiza. Anayekimbizwa ni mwizi. Huyu mtoto ana huzuni, na huzuni ndiyo inayokula, si yeye. Mpelekeni majini. Acheze, aheme, achoke kwa furaha, moyo wake utapona kidogo na mwili utafuata kwa wakati wake. Mizani niachieni mimi."

Nguo ya kuogelea ya mwili wake madukani hakuna, zote zimeshonwa kwa ajili ya samaki dagaa. Nikashona. Kitambaa cha kuvutika, bluu iliyokolea, mshono juu ya mshono. Kabla hajaivaa nikaivuta mbele yake kwa nguvu zangu zote, mguu mmoja nimekanyaga ukutani, aone mwenyewe kwamba haipasuki.

Bwawa la manispaa lina vigae vilivyobanduka na maji yananuka dawa, lakini ni maji. Anayefundisha ni bibi mmoja ana nywele nyeupe na mabega kama ya mpagazi. Kadogo akasimama ukingoni, amejifunga taulo hadi kidevuni. Yule bibi akamtazama. "Huku ndani," akasema, "kuna anayeelea na anayezama, basi. Wengine hatuwajui. Wewe nakuona wa kuelea."

Akashuka ngazi na taulo lake, akaliachia likiwa limeshaloa. Akalala chali, mikono ameitandaza, masikio ndani ya maji. Nikashika moyo. Kisha nikamsikia anacheka, Kaka. Kicheko cha mama yake kilekile. Bwawa zima liligeuka.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Ukamilifu wa afya nakuombea, na hayo magoti yako pia. Barua yako niliwasomea wenzangu chumbani kwa sauti, mahali pa wewe na muuza magazeti walicheka hadi wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Mahali pa kuelea nilisoma peke yangu kimoyomoyo.

Nashukuru. Endeleeni hivyo hivyo. Ila hukuniandikia kilo zimeshuka ngapi. Niandikie.

Kaka yako


20 Julai

Kaka,

Hujambo kwa joto la huko? Nasikia chuma kinachemka hata bila moto. Kunywa maji. Mimi cherehani imepona, fundi mwenzangu kaniazima spea moja, na moyo kanitia.

Kadogo huyu ungemsikia. Asubuhi anaamka kabla yangu. Tumbo la kuuma limesahau njia. Anaimba bafuni, vibaya sana, namwomba anyamaze na yeye anazidisha. Shuleni mwalimu wa hesabu kaniambia siku hizi ananyoosha mkono, jambo ambalo yeye hajaliona tangu ampokee. Na kapata rafiki, msichana mmoja mwembamba kama sindano, ana miwani minene. Wote wawili wanajifunza kupiga mbizi. Huyo wa miwani bila miwani haoni kitu, kwa hiyo Kadogo ndiye macho yake, anamshika mkono kutoka chumba cha kubadilishia hadi ngazini. Juzi mvulana mmoja pale bwawani akapiga honi, puu puu. Nikaona sasa kazi imeharibika. Kadogo akageuka, akamwambia, "Panda basi, tuondoke, nauli unayo?" Yule bwana mdogo hana hamu tena.

Analala, Kaka. Umeelewa? Tangu mama yake afe nilikuwa namsikia anageukageuka hadi alfajiri. Sasa akirudi kutoka majini anakula vizuri, mezani, na mimi, anasimulia huku anakula, kisha analala kama gogo.

Kilo umeuliza tena kwenye simu, na yeye akanipa simu ili nijibu mimi. Hazijashuka. Hazijapanda pia, na daktari amefurahi mno kwa hilo, anasema kwa mtoto anayerefuka hiyo ni habari njema. Anasema roho kwanza. Nakuomba kwa sasa usimuulize. Muulize kuhusu mbizi.

Picha niliyoweka humu kaichagua mwenyewe. Ni yeye ngazini na ile nguo ya bluu. Ameandika nyuma: "Baba, hapa ndipo ninapotokea nikitoka chini kabisa."

Mdogo wako


15 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima.

Picha imefika. Niliifungua kantini wakati wa chakula, kosa langu. Mwenzangu mmoja akanyoosha shingo, akasema, "Hii ni familia yako yote?" Wakacheka. Si watu wabaya. Mimi mwenyewe nilicheka nao, ndicho kinachoniuma, kisha nikaiweka mfukoni na chakula sikumaliza.

Nimemtazama mtoto wangu. Unaniambia anaimba, nimefurahi. Unaniambia analala. Lakini mimi nimeona mwili wa mama yake, mikono ileile, shingo ileile, na mama yake naye alikuwa anaimba na analala vizuri hadi siku ile ya kiatu. Furaha haikumwokoa.

Hapa tuna fundi mabomba, mtoto wake alikuwa hivyohivyo. Walimpeleka kwenye kambi ya mazoezi ya watoto wanene, inaendeshwa na mwanajeshi mstaafu wanayemwita Afande. Nimeona picha za kabla na za baada. Ni watoto wawili tofauti. Likizo ndefu ya shule, anaingia, anatoka mtu mwingine. Nafasi nimeshampatia.

Nimezungumza naye Jumapili. Alikubali palepale, hakulia, alisema "sawa, Baba." Usione nimekuruka. Wewe umemlea na nitakushukuru hadi kaburini, ila mimi ndiye baba, na mwenye kuogopa zaidi ndiye anayepaswa kuamua.

Kaka yako


6 Septemba

Kaka,

Salamu zako nimezipokea.

Umesema alikubali. Nikwambie alivyokubali. Alikata simu, akaja kunisaidia kuchomoa uzi kwenye pindo, akauliza bila kuniangalia, "Shangazi, nikipungua, Baba atarudi?" Nikamwambia Baba yako yuko kazini, hakuondoka kwa sababu yako. Akasema, "Ndiyo, lakini akiniona kwenye picha hasemi anakuja. Anasema kilo."

Hicho ndicho anachokijua. Amejumlisha mwenyewe.

Nimekwenda kwa daktari, akaniambia hakushauri, na ya kwamba mtoto akianza kuuona mwili wake kama deni la mtu mwingine, mazoezi yanageuka adhabu. Yule bibi wa bwawani alinitazama tu, akaendelea kufua kofia za watoto. Rafiki wa miwani kalia.

Kadogo yeye hajalia. Ameshaanza kukusanya nguo. Kila siku anauliza zimebaki wiki ngapi kufunga shule. Mimi sina mtoto, na wa mwenzio ukimzuia kwenda kwa baba yake, hata kama njia ni mbaya, utakuwa umesimama wapi? Nitampeleka. Lakini niandike wazi kwamba nampeleka nikiwa sitaki.

Mdogo wako


20 Januari

Kaka,

Hujambo? Barua yako ya furaha na lile gauni ulilotuma vimefika. Na simu zako zote nimezisikia. Amepungua, ndiyo. Picha aliyokutumia Afande ni ya kweli. Nilipokwenda kumchukua nilimpita getini, akaniita yeye.

Mtaa mzima wanampongeza. Muuza magazeti kampa gazeti bure. Wanaita "Hee, umependeza!" naye anatabasamu kwa meno, macho hayapo. Gauni lako limemtosha na kubaki.

Kambini alichoniambia ni kidogo, nimekiokota kama sindano sakafuni. Asubuhi walikuwa wanapangwa uwanjani, kila mmoja anapanda mizani, Afande anasoma kwa sauti. Aliyepungua anapigiwa makofi. Ambaye hakupungua anazunguka uwanja wakati wenzake wanakula, kisha anaosha sahani zao. Mara ya kwanza aliosha yeye. Baadaye hakuosha tena. Nilimuuliza aliwezaje. Akasema, "Nilikuwa nampa mwenzangu chakula changu, yeye anaosha mimi napigiwa makofi." Alisema hivyo bila kujisifu wala kulia, kama anayesoma bei ya kitambaa.

Majini hataki kwenda. Nilitoa nguo ya bluu, nikamwambia nitaipunguza leo hii hii. Akasema, "Kuelea si mazoezi, Shangazi. Hakupunguzi." Badala yake anakimbia chumbani akiwa amesimama palepale, mlango kaufunga, ninasikia mbao za sakafu. Nikigonga anaacha. Nikiondoka anaanza. Chakula anakikata vipande vipande, anakipanga kwenye sahani, anakipangua. Rafiki wa miwani alikuja, wakaketi sebuleni kama wageni wawili wanaomsubiri mwenye nyumba. Hajarudi tena.

Haimbi. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia cherehani ya jirani.

Kaka, nakuomba jambo moja. Jumapili usimwambie amependeza. Mwambie ale.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu,

Mambo vipi huko? Mimi sijambo, mgongo umetulia.

Nafikiri unamwangalia kwa karibu mno. Mtoto aliyezoea kula sana akila kawaida lazima uone kama vile hali kitu. Na kuwa kimya, amekua, anaingia usichana. Mama yetu alikuwa anakulalamikia wewe hivyohivyo.

Jumapili nilimwambia ukweli: sasa ndiyo umekuwa binti yangu. Alifurahi, nilimsikia anapumua. Picha yake mpya nimeibandika juu ya kitanda, hakuna anayecheka.

Vumilia kidogo, atazoea.

Kaka yako


3 Aprili

Kaka,

Kadogo yuko hospitali. Alikuwa anaandika ubaoni shuleni, mwalimu wa hesabu akamwona chaki inamponyoka, akaanguka. Hakuinuka mwenyewe.

Daktari wetu ndiye aliyempokea. Anasema moyo unapiga polepole mno, mwili umeanza kujila. Wamemwekea mpira puani wa kupitishia chakula. Mikono wamemfunga bandeji nene ili asiuchomoe, kwa kuwa aliuchomoa.

Nilipomvalisha shati la hospitali nilimwona mgongo. Nilidhani nimezoea kupima miili ya watu.

Usiniulize kilo. Wauguzi wanaandika, mimi sitazami.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua niliipokea asubuhi na kazi nimeenda, nimechomelea, hata sijui nimechomelea nini, wamekuja kukikata wakaanza upya.

Nilimwogopea kifo cha aina moja, nikamsukumia kwenye kingine. Neno lile nililomwambia kwenye simu linanirudia mdomoni kila nikimeza. Nimeitoa picha juu ya kitanda. Ile ya bluu niliitafuta, nikaikuta kwenye mfuko wa koti la kazi, imekunjika na ina alama za grisi usoni. Nimeisafisha kadiri nilivyoweza.

Nimekwenda kwa msimamizi. Nimeomba kwa magoti, sioni haya kukwambia. Amenipa likizo, mwezi wa saba nitakuwa huko. Ningekuja leo lakini ndiyo mapema zaidi waliyokubali. Nitakaa naye. Nitampeleka bwawani mwenyewe, nitaingia na nguo zangu kama hataki kuingia peke yake. Mwambie. Mwambie Baba anakuja, na si kwa sababu amepungua. Mwambie anakuja tu.

Nimekuwa nikilisema hilo kila dakika: nakuja, nakuja. Ndilo linalonisimamisha.

Kaka yako


2 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeinua simu mara nyingi nikairudisha mezani. Haya kwa mdomo nisingeyaweza, kwa hiyo yasome polepole, na ukae karibu na mtu.

Barua yako ilipofika alikuwa ameanza vizuri. Mpira wa puani walikuwa wameutoa, anakula uji kwa kijiko mwenyewe, anaumeza hasa. Yule bibi wa bwawani alikuwa ameketi kitandani kwake anamchana nywele, hizo zilizobaki. Dirisha liko wazi, kuna jua. Nikaona hii ndiyo siku. Nikasema, "Kadogo! Baba anakuja! Mwezi wa saba atakuwa hapa!"

Akaweka kijiko chini. Hakukiangusha, Kaka, alikiweka taratibu kando ya bakuli. Kisha akaushika mkono wake hapa juu ya kiwiko, akauzungushia vidole, akapima. Akauliza, "Nina siku ngapi?"

Mimi mjinga nikadhani anahesabu siku za kukuona. Nikamwambia ni miezi miwili na kidogo. Akatikisa kichwa. "Zinatosha," akasema, na akalisukuma bakuli.

Nikamsomea barua yako. Mahali ulipoandika kwamba si kwa sababu amepungua nilisoma mara mbili, nikamwekea kidole aone mwandiko wako. Alisikiliza vizuri, akasema, "Baba ana huruma." Uji hakuugusa. Siku hiyo hakula, na iliyofuata hakula. Muuguzi alimkuta bafuni anarukaruka peku, amejishikilia kwenye bomba asianguke. Wameurudisha mpira.

Nilimuuliza daktari, je, anamchukia baba yake? Nilitaka aseme ndiyo, maana chuki ningejua pa kuishikia. Akasema, "Hapana, Mama. Anampenda kuliko anavyoweza. Anajiandaa kumpokea."

Kwa hiyo jana nimemdanganya. Nimemwambia umepiga simu, msimamizi kabadili mawazo, safari imefutwa, na haijulikani lini tena. Yule bibi akatoka nje. Kadogo alinitazama muda mrefu, anapima kama ni kweli. Nami nimejikaza, sikupepesa. Mwishowe akageuza shingo ukutani. Nilijua analia kwa jinsi shuka lilivyokuwa linatikisika. Nikakaa tu, namshika mguu juu ya blanketi. Saa ya chakula muuguzi akaleta uji, akauliza kama kawaida, atakula mwenyewe au apitishiwe puani. Kadogo akanyoosha mkono, akachukua bakuli.

Alikula nusu.

Daktari anasema tusimwambie tarehe yoyote, hadi yeye mwenyewe siku moja aulize kuhusu kitu kingine. Hajui itachukua muda gani. Huenda mwaka. Alisema pia kwamba moyo wa mtoto ukishafika hapo, huwezi kuahidi. Nilimwomba aseme zaidi, akasema hayo ndiyo yote anayoyajua.

Usije, Kaka. Jumapili piga, lakini usimwambie umemkumbuka, kwa kuwa wewe ukisema hivyo yeye anaanza kuhesabu. Muulize alichokiona dirishani. Akinyamaza, nyamaza naye, usikate.

Na likizo irudishe.

Mdogo wako